Weldi ya Chilongola

Vijana wa gereji, kebini ya pikapu haipindi yenyewe. Mkiona kichwa cha gari kimelala upande, mlango wa dereva unasugua chini, wa abiria unagoma kufunga, na ule mwanya kati ya kebini na bodi ya mizigo umekuwa mpana juu na mwembamba chini, msikimbilie nyundo. Kuna kitu huko chini kimeamua hivyo. Mimi nilikimbilia nyundo. Sasa nimestaafu, mgongo umegoma, jicho la kushoto limebaki jina tu, na watu wa Isevya hapa Tabora bado wananiita Fundi Shija kwa heshima ambayo nusu yake ni mali ya mtu mwingine. Mtu huyo tulimzika mwaka jana. Naandika kwa ajili yake, si kwa ajili yenu, ingawa mkiokota cha kujifunza sitakasirika.

Huwa napita hapo mnapofanyia kazi. Mnaniamkia vizuri, shikamoo mzee, marahaba, mnanisogezea kiti, halafu mnarudi kwenye simu zenu. Gari likiingia mnalipiga picha kwanza. Kisha mnailaza simu juu ya dashibodi, mnasoma kipimo, mnaniambia, "Mzee, limelala digrii mbili." Limelala digrii mbili kutoka wapi? Sakafu yenu yenyewe imelala kuliko gari. Juzi nilimwambia hivyo mmoja wenu akacheka, akasema babu ana maneno. Sikuwa na maneno. Nilikuwa namwambia kitu cha kweli, naye akakichekea, na najua jinsi kicheko cha namna hiyo kinavyoishia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ramadhani, fundi aliyekuwa ametumikia mabehewa ya reli kabla ya kuhamia kwenye magari. Alikuwa mtu wa kanzu safi siku ya Ijumaa na wa matusi siku sita zilizobaki. Zana zake za kupimia zilikuwa tatu tu: timazi, chaki na uzi wa kushonea magunia. Pikapu ikija kichwa kikiwa upande, hakukigusa kichwa. Alitambaa chini na timazi, akaishusha kutoka kwenye tundu moja la chasisi, ile mifupa miwili mirefu ya chuma inayobeba gari zima, na pale ncha ilipogusa sakafu aliweka alama ya chaki. Alifanya hivyo tundu kwa tundu, kushoto na kulia, mbele mpaka nyuma. Halafu tulilisukuma gari pembeni, na sakafuni ikabaki picha ya chasisi yote kwa nukta. Hapo ndipo alipovuta uzi msalaba, kutoka nukta ya kushoto mbele hadi ya kulia nyuma, kisha msalaba wa pili. Misalaba ikilingana, chasisi ni nzima, tafuta kosa kwenye raba zinazokalia kebini na miguu yake. Isipolingana, mfupa umepinda, na hapo unamwita mwenye gari mnakaa mnazungumza.

"Na ukishamaliza kupima," alikuwa akisema, "futa chasisi mafuta na matope yote, uipapase kwa kucha. Ufa unaonekana kwa kucha kabla ya macho." Kisha alinitukana, hata kama sikuwa nimekosea, ili nisisahau.

Nilikosea mara nyingi nikiwa kwake. Kuna mtu alikuja kutoka Bukene na pikapu, akalalamika kwamba akiendesha anajiona amelala kushoto. Mzee Ramadhani hakuwepo. Nikafungua bolti zote za kebini, nikaiinua kwa jeki, nikabadilisha raba nne, nikafunga, siku mbili nzima nimelala chini ya gari. Mtu akapanda, akasema bado amelala. Mzee aliporudi aliingia ndani, akakaa kwenye kiti cha dereva, akatoka, akaniambia, "Springi za kiti zimekufa upande mmoja. Aliyepinda ni dereva." Gereji nzima ilinicheka wiki mbili. Hilo lilikuwa kosa la kucheka, na nawatakia makosa kama hayo, mengi iwezekanavyo.

Mzee Ramadhani alipofariki nikaichukua gereji, na hapo ndipo alipoingia Chilongola. Alikuwa Mgogo wa Bahi, mchomeleaji, mwembamba, mwenye meno makubwa yaliyotangulia kufika kila mahali. Mimi ni Mnyamwezi wa baba na mama. Ninyi mliozaliwa mjini utani mnausikia tu kwenye harusi, lakini sisi tuliuishi. Babu zetu walibeba mizigo wakapita kwao wakienda pwani, wakanyimwa maji, wakapewa, wakagombana, wakazikana njiani, na mwisho wa yote tukaachiwa ruhusa ya kuambiana lolote pasipo mtu kununa. Mtani akikasirika ameshindwa. Ndiyo sheria yenyewe, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna kati yetu aliyeshindwa.

Asubuhi alikuwa akiingia na kuniuliza, "Mpagazi, leo umebebeshwa nini?" Namjibu, "Ubuyu wa kukushibisha wewe, njaa imekuzidi." Alikuwa na mchezo wa chaki. Kila siku alinichorea mahali, kwenye sanduku langu la spana, kwenye mlango wa gari la mteja, mara moja mgongoni mwa ovaroli yangu, kijitu chembamba kimebeba furushi kubwa kichwani. Wateja walikuwa wakija kuangalia leo kimechorwa wapi. Nami nilikuwa nikifuta kwa kitambaa bila hata kuangalia sana, kama mtu anavyofukuza nzi.

Lakini niwaambie kuhusu mkono wake. Weldi ya Chilongola ilikuwa imelala sawasawa mwanzo hadi mwisho, hujui fimbo ya kuchomea ilianza wapi ikaishia wapi. Alikuwa akisafisha chuma mpaka king'ae ndipo achome. Watu walimletea majembe ya trekta kutoka Nzega na Igunga, wakawapita mafundi njiani. Alipochoma yeye, chuma kitavunjika kwingine, hapo alipochoma hakivunjiki. Shikeni hilo, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinategemea hapo.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Alikuja Emanueli, mnunuzi wa asali wa Sikonge, mtu wa kanisa, mpole kiasi kwamba gari likimzimikia anaomba radhi kwa walio nyuma. Alikuwa na pikapu kuukuu aliyoinunua kwa mtu, na kebini yake ilikuwa imelala kushoto kama kofia ya mlevi. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Alitaka bibi harusi apande gari lililonyooka na lenye rangi.

"Fundi, hata kama ndani ni bovu," aliniambia, "siku hiyo liwe zuri tu. Mengine tutafanya baadaye."

Mteja akisema hivyo, vijana, mshikeni mkono mkae chini mzungumze. Mimi nilimpa mkono wa ahadi. Siku tatu, na watu walikuwa wamesimama wanasikia. Sikushusha timazi. Nilijisemea kwamba kwa uzoefu wangu kazi hii naijua kwa macho. Nilitazama raba za kushoto, zimekwisha, na mguu mmoja wa nyuma wa kebini, kile kipande cha chuma kinachoikalisha kebini juu ya chasisi, umeliwa na kutu. Nikasema kosa ni hili. Kweli lilikuwa kosa, ila halikuwa peke yake.

Kazi ya juu niliifanya vizuri, wala sioni haya kuieleza. Tulitoa betri, tukalegeza usukani pale unapoungana na mhimili wake, tukafungua waya na mipira ya breki iliyoshikana na kebini, maana wapo wanaoinua kichwa wakasikia mpira umekatika ndipo wakakumbuka. Legezeni bolti zote kabla ya kuvuta hata moja. Inueni kwa ubao mpana juu ya jeki, jeki tupu itatoboa sakafu ya kebini. Nilivuta kebini kwa mnyororo kidogo kidogo, nikaweka raba mpya, nikaongeza vibamba vya chuma chini ya kona ya nyuma kushoto mpaka mlango ukafunga kwa kidole kimoja. Vibamba vitatu. Mzee Ramadhani angeona vibamba vitatu kwenye kona moja angenipiga navyo. Kibamba kimoja ni kusawazisha. Cha pili ni swali. Cha tatu ni uongo, unaidanganya kebini ikae juu ya mfupa ulioshuka.

Nilimwita Chilongola achomelee mguu mpya. Alilala chini ya gari na brashi ya waya, akasugua. Brashi ikasimama. Kisha nikamsikia anacheka humo chini.

"Mpagazi!" akaita kwa sauti ya kusikika barabarani. "Unamnyoosha kofia mtu aliyevunjika mgongo!"

Gereji ikaangua kicheko. Emanueli naye akacheka, mtu wa watu. Nikamjibu, "Mgogo, choma ulipoambiwa. Huko chini hakuna ubuyu."

"Nakwambia huyu mgonjwa hana kofia mbaya. Ana mgongo. Lakini ninyi mmezoea, mnabebeshwa mzigo hamuulizi umefungwaje."

Watu wakacheka zaidi. Na mimi nilikuwa nikitafuta jibu. Naomba mnielewe hapo. Mtu alikuwa ananiambia gari lina ufa, nami akili yangu yote ilikuwa inatafuta jibu zuri la kumrudishia. Nikalipata, sikumbuki hata lilikuwa nini, watu wakacheka upande wangu nikaridhika.

Akachoma. Alipotoka chini alijifuta uso, akanijia karibu. Hakucheka. Akasema, "Shija, kaangalie pale."

Kwa miaka ishirini na kitu alikuwa hajaniita jina langu. Alikuwa akiniita mtani, mpagazi, mzigo, kila kitu isipokuwa Shija. Nililisikia jina, nikaona ni mbinu mpya. Nikamwambia, "Leo umenikumbuka jina, unataka nini?" Watu wakacheka tena. Alinitazama kidogo, akaokota mashine yake, akaenda kunawa.

Baadaye nilikwenda chini kupaka chasisi rangi nyeusi, ile ya kuficha kutu ili gari lionekane lina adabu. Taa ikamulika duara la chaki, limechorwa kwenye mfupa wa kushoto, kama shubiri moja nyuma ya mguu mpya. Nikasema moyoni, huyu Mgogo na michoro yake. Sikuinama kuangalia ndani ya duara kuna nini. Sikugusa kwa kucha. Nilipitisha brashi ya rangi mara mbili, chaki ikapotea.

Je, nilijua? Nimejiuliza swali hili miaka mingi na majibu yangu yanabadilika. Siku zikiwa nzuri nasema sikujua. Lakini fundi wa miaka mingi haoni duara kwenye chasisi akadhani ni mtu na furushi lake. Nadhani nilijua kiasi cha kunitosha nisitake kujua zaidi, maana kujua kungemaanisha kuishusha kebini upya, kumkosesha Emanueli harusi, na kukubali mbele ya watu kwamba Mgogo ameona na Mnyamwezi hakuona. Angenitania kwa hilo mpaka nife. Hilo ndilo nililoliogopa, vijana, utani.

Jumamosi bibi harusi alipanda pikapu iliyonyooka kama mkeka uliotandikiwa mgeni. Nilialikwa, nikala, nikapongezwa.

Mwezi haukuisha. Emanueli alikuwa anatoka Sikonge na madumu ya asali, barabara wakati huo bado ya vumbi, akaingia kwenye korongo dogo lililokatwa na mvua. Chasisi ikakatika. Gari likajikunja katikati, mbele ikaingia mtaroni, na dashibodi ikamkalia mguu wa kulia. Walimtoa baada ya muda mrefu, amelowa asali na damu, nyuki wamekwisha fika. Hakufa. Ila mguu ule ulipona kwa kupinda, na tangu siku hiyo hakuendesha tena. Biashara ya asali aliichukua mtu mwingine.

Gari lililetwa kwangu juu ya lori. Watu walijaa. Nikainama kabla ya wote, na lile mnaloniuliza kila mkioneshwa chuma kilichovunjika nawajibu sasa hivi: angalieni uso wa mvunjiko. Palipo na rangi ya kahawia ni ufa wa zamani, kutu imekwisha kulala humo. Panapong'aa ndipo palipovunjika leo. Uso ule ulikuwa wa kahawia zaidi ya nusu. Ulikuwa ufa wa miaka, na ulikuwa pale pale palipokuwa na duara. Mguu aliouchomelea Chilongola ulikuwa shubiri moja mbele, umeng'ang'ania kipande chake cha chasisi, weldi nzima, haina hata ufa wa unywele. Lakini mtu asiye fundi akitazama kwa mbali anaona vitu viwili tu, mahali palipochomwa na mahali palipovunjika, na viko jirani.

Nilichota grisi kwa vidole, nikaupaka ule uso wa kahawia. Nilifanya hivyo kwa haraka, kama mtu anayejifuta mikono.

Mdogo wake Emanueli, Yohana, alikuja ametoka hospitali, macho mekundu. "Nani alichoma hapa?"

"Alichoma Chilongola," nikasema.

Sikusema uongo. Niliulizwa nani alichoma, nikajibu nani alichoma. Chilongola alikuwa amesimama kwenye kizingiti na miwani yake ya kuchomea imepandishwa kwenye paji la uso. Alikuwa anasubiri niendelee. Kila mtu aliyekuwapo anaweza kuwaambia kwamba alisubiri. Nilipoanza kufuta grisi vidoleni, Yohana akamgeukia, na Chilongola akasema taratibu, "Mwulizeni Shija. Nilimwambia."

Yohana akanigeukia. "Alikwambia nini?"

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo sijaweza kulisimulia hata nyumbani kwangu. Nilitabasamu. Nikasema, "Huyu ni mtani wangu, bwana. Huyu huniambia mambo mia kwa siku. Mgogo huyu, mnamjua."

Na wakamjua, kwa namna niliyotaka mimi wamjue. Wale wale waliokuwa wamecheka siku ya kuchomea walikumbuka kicheko, hawakukumbuka kilichosemwa. Mmoja akasema kweli, walikuwa wanataniana tu. Yohana akatema mate karibu na miguu ya Chilongola, akaondoka.

Chilongola akanitazama. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha kukohoa, akasema, "Leo Mnyamwezi ametua mzigo." Hakuna aliyecheka naye.

Chasisi nilishauri iuzwe chuma chakavu, upesi, eti Emanueli asiendelee kuumia akiiona. Watu wakanisifu kwa moyo wa huruma. Vipande vikaondoka kwa treni pamoja na mabati na mabehewa ya zamani, na hakuna aliyewahi kufuta ile grisi.

Majembe ya trekta yakaacha kuja. Si siku moja, kazi ya fundi haifi siku moja. Mteja mmoja anasema nitakuja kesho. Mwingine anauliza kama yupo mchomeleaji mwingine. Wanawake sokoni wakawa na msemo, kikombe kikivunjika mpini wanasema hiyo ni weldi ya Mgogo. Chilongola akabaki kuchoma vitanda na madirisha, halafu vitanda tu. Alikuwa akiingia asubuhi na kuniamkia, "Habari za asubuhi, fundi." Fundi! Nilimtania mara mbili tatu, nikamwuliza habari za ubuyu. Akanijibu, "Nzuri, fundi." Hakukasirika, kwa hiyo kwa sheria zetu hakushindwa. Aliacha tu kucheza. Siku moja alifunga mashine yake kwenye gunia, akapanda treni kwenda Bahi, na mimi sikwenda stesheni kumsindikiza.

Miaka ikapita, nikastawi. Sitaki mdhani kwamba mabaya hulipwa, maana mimi sikulipwa chochote kibaya. Nilijenga, nikasomesha, nikazeeka nikiwa fundi bodi niliyetajwa mpaka Urambo. Emanueli nilimwona mara moja moja kwenye mnada na fimbo yake. Alikuwa akinisalimia kwa heshima na kuniombea.

Mwaka jana ikaja simu kutoka Bahi. Chilongola amefariki, familia inasema mtani wake ajulishwe. Nikaenda. Nilikuwa nimeamua ndani ya treni, kituo baada ya kituo, kwamba nitasema mbele ya watu wake, maana yeye alishushwa mbele ya watu. Jina lake ndilo lililokuwa limebaki la kurudisha, nalo lilikuwa mikononi mwangu.

Walinipokea kwa shangwe. Msiba wa Wagogo ukifikiwa na Mnyamwezi umepata chumvi, mnajua kazi ya mtani msibani: analia kwa uongo, anamsema marehemu, anajilaza kaburini, anagoma kutoka mpaka abembelezwe. "Mbukwenyi, mbukwenyi!" wananisalimia kwa Kigogo chao, "Mpagazi kafika, leo tutacheka!" Binti yake mkubwa, Yudita, mwenye meno yale yale ya baba, alinishika mikono yote miwili.

Kaburini, kabla ya udongo, nikasogea mbele. Nikasema, "Mimi ni Shija. Nilifanya kazi na marehemu. Weldi yake haikuachia. Iliyovunjika ni chasisi, yeye aliuona ufa akaniambia, na mimi nikaupaka rangi. Nikamsingizia."

Wakacheka.

Nikadhani hawakusikia vizuri. Nikarudia kwa sauti, nikataja duara la chaki, nikataja grisi. Mzee mmoja akapiga magoti kwa kicheko, akapaza sauti, "Mnyamwezi haachi kubeba! Hata mzigo wa marehemu anautaka!" Watu wakashangilia. Nikaanza kulia. Nililia kweli, machozi ya jicho zima na jicho bovu, nikasema jamani nasema kweli, leo sitanii. Na ndiyo maneno hasa ambayo mtani husema akitaka kuwavunja watu mbavu. Kina mama waliokuwa wamelia tangu asubuhi walifuta macho kwa kanga na kucheka, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi. Mtu akanishika mabega akaniondoa kaburini kwa upole, kama wanavyomwondoa mtani aliyetimiza kazi yake vizuri.

Yudita alinifuata pembeni na maji ya kunywa. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe nisikilize. Nilichosema ni kweli."

Akatabasamu. "Asante, baba. Umetuchangamsha. Lakini ile ya weldi baba mwenyewe alishatuambia. Alisema iliachia, alikosea, ndiyo maana akarudi nyumbani."

"Alisema hivyo?"

"Kila tulipomwuliza. Akasema fundi Shija alikuwa mtu mwema kwake."

Sijui alisema hivyo kwa nini, na nyuma yetu walikuwa wameanza kumfukia.

Basi naandika, kwa kuwa karatasi haitaniwi. Weldi ya Chilongola wa Bahi haikuachia. Mkisikia mtu yeyote Tabora anakiokota kikombe kilichovunjika akasema hiyo ni weldi ya Mgogo, mwambieni Shija amekataa, na ameandika kwa mkono wake. Akicheka, msicheke naye.